Sahani ya Kuangalia Rangi

Leo nimetengeneza pombe ya ndizi, na harufu yake kali imejaa uani kwetu Alunguli. Namimina kidogo kwenye sahani nyeupe ya bati, ileile ya mama, niangalie rangi.

Wakati wa vita kazi hiyo ilikuwa yangu. Mama alikuwa hachoti hata kikombe kimoja mpaka niseme imeiva. Kisha binti wa shangazi akaletwa kwetu kutoka Kalima, miguu imevimba kwa safari. Siku ya tatu tu, akainama juu ya sahani yangu.

“Mama, ingali bado. Iko sawa na maji ya muchele.”

Mama akaonja, akacheka. “Huyu njo iko na macho!”

Tangu hapo akaitwa yeye. Mimi nikapewa kuni. Wivu ulinishika. Asubuhi moja nikaipaka sahani mafuta ya mawese, ili pombe mbichi ionekane nyekundu kama iliyoiva, naye aaibike mbele ya wanywaji. Alimimina, akatazama, akamwaga. Akaifuta sahani kwa kitenge chake, polepole, akamimina tena. Hakunishtaki kwa mama, na hilo ndilo ambalo sikumsamehe.

Vita ilipotulia alirudi kwao. Hatukumwona tena.

Sasa macho ya mama yameingia ukungu. Ameketi mkekani, anasikiliza nikimimina.

“Mama, imeiva. Iko sawa na chai.”

Anatikisa kichwa.

“Ngoja kwanza. Yule wa Kalima akikuja, ye njo atatuangalilia.”