Mkaa Alioninywesha Wifi

Admin nifichie jina, mume wangu naye yumo humu. Mimi ni mama wa miaka 27, mtoto mmoja, naishi Kagongwa kwa mama mkwe. Mume anachimba dhahabu Geita, huja mara mojamoja.

Siku ile alikuwepo. Mama mkwe akanipakulia michembe ya karanga, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa mkono wake, yule mama ambaye hata shikamoo yangu huiitikia kwa kuguna. Nikala nikamaliza, maana mimi kwa michembe sijiwezi. Haukupita muda macho yakaingia giza, miguu ikaisha nguvu. Majirani wakajaa, huyu anasema malaria, yule anasema karogwa. Wifi yangu, mdogo wake mume, alishakimbilia uani. Alikuwa anatwanga mkaa wa jikoni kwenye kinu! Akaukoroga na maji, akaninywesha huku analia: "Kunywa wifi, mkaa unanyonya sumu."

Hospitali daktari akaona meno yangu meusi, akamfokea wifi: "Mkaa wa jikoni siyo dawa, ungempalia akafa! Wa hospitali unatengenezwa maalumu." Wakaninywesha huo wao, mweusi tii kama uji ulioungua, na dripu juu. Kisha akamuuliza, "Na wewe ulijuaje kala sumu?" Wifi akamtazama kaka yake. Mume wangu ndiye aliyejibu, tena haraka: "Kameza mwenyewe vidonge vya presha, dokta. Ana hasira huyu."

Jamani! Sikumeza kitu mimi. Na vidonge vya presha pale nyumbani anavyo mtu mmoja tu, mama yake.

Tuliporudi wifi akaninong'oneza: "Usiniulize. We kula nikipika mimi." Nimeishi hivyo mpaka leo, roho mkononi. Polisi nikaseme nini, wakati daktari kashaandika nilimeza mwenyewe? Kwetu Kigoma wananiita nirudi, lakini huku wanasema ng'ombe walitolewa, mtoto ni wa ukoo, haondoki. Na bado ananyonya.

Sasa wifi anaolewa, Jumamosi wanamchukua. Jana mama mkwe kaniita kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia: "Mama Nanihii, mwanangu, usihangaike na jiko. Nitakupikia mimi." Mume naye kapiga simu, yuko njiani.

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwache mwanangu nikimbie, au nibaki nile? Na mkisikia nimemeza tena, jueni sikumeza.