Kibati cha Shemeji Bado Ninacho

Admin, nifichie jina. Nina miaka themanini na mbili, nipo Handeni, naandika kwa kidole kimoja. Msinipe pole, siistahili.

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa mnyapara kwenye shimo la mawe mekundu la kampuni ya wageni, upande wa Kwedizinga. Kila aliyeshuka alitundika kibati chake chenye namba kwenye msumari pale juu, akipanda, anakichukua. Asubuhi moja shimo likaporomoka. Waliowahi kutoka walichukua vibati vyao, kikabaki kimoja, cha shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Na tulimsikia jamani! Alikuwa anagonga kwa nyundo huko chini.

Meneja akasikiliza, kisha akaniambia, "Kumfukua ni kusimamisha kazi wiki nzima. Ondoa hicho kibati. Leo hakuja kazini."

"Bwana, si unamsikia?"

"Basi mfuate."

Nikakitia mfukoni. Nikaamuru shimo lifukiwe, na koleo nikashika mwenyewe. Aligonga mpaka adhuhuri. Vibarua wenzake, watu wa mbali wote, walipakiwa kwenye lori siku hiyo hiyo wakarudishwa kwao.

Mdogo wangu nilimwambia mumewe katoroka na mwanamke wa Korogwe. Huyo mwanamke nilimtunga mimi, meneja hakunituma. Basi hakukaa eda, khitma haikusomwa, wanawake wakamcheka kisimani. Tulipohamishiwa vijiji vya Ujamaa aligoma: "Akirudi atanikuta wapi?" Wanamgambo wakamwezulia paa akiwa ndani. Mimi ndiye niliyembebea kitanda.

Sasa kampuni nyingine inataka kulifungua shimo lile. Jumatatu sisi wazee tulioajiriwa pale tunatakiwa kutia saini kwamba hakuna mtu aliyefia mle. Nikisaini, mashine zitamsaga shemeji pamoja na mawe. Nikikataa, mdogo wangu atajua aliyemfukia mumewe ni nani.

Yeye yuko Kabuku, hainuki tena. Ijumaa nilikwenda kumwona, kibati kikiwa kwenye kanzu, nikidhani nitapata ujasiri. Akanishika mkono: "Kaka, nikitangulia, halafu yule bwana akarudi, mwambie nimemsamehe. Na mwanamke wake pia."

Nikamwitikia, "Nitamwambia."

Nyie mnaonisoma, nitukaneni mkimaliza. Lakini kwanza nielekezeni: nikitoe hiki kibati mbele yake, au nimwache afe akimsubiri?