Mchongaji wa Vizibo

Kwetu Tabaka mwanamume huchonga jiwe, mwanamke hulisugua. Mimi nimekulia kando ya beseni la maji ya kusugulia, vidole vimepauka kwa unga wa mawe, nikipiga msasa twiga na vifaru vya kaka zangu. Mama ndiye aliyenifundisha: fumba macho, pitisha kidole gumba, penye mkwaruzo utapasikia. Nikigusa kisu cha kuchongea naambiwa nirudi kwenye beseni. Nilirudi, lakini nimenuna.

Siku hizi nauza chai na mandazi kando ya barabara mjini Kisii. Wateja wakipungua nainama, naokota vizibo vya soda, mirija, vipande vya waya, karatasi za peremende. Natengeneza watu wa urefu wa kidole na kuwasimamisha kwenye nyufa za saruji wanapopita watu. Nina mchuma chai ambaye kikapu chake ni kizibo. Nina bodaboda ya waya yenye magurudumu ya vizibo, iliyobeba mkungu wa ndizi wa mirija ya manjano, na hiyo, wacha nijisifu, Kisii nzima sijaona wa kuiweza. Watu wazima na suti zao huchuchumaa kuipiga picha.

Habari ilipofika nyumbani ilikuwa imeshageuka. Eti naokota takataka mjini. Na kwetu mtu akiokota takataka, hakuna anayeuliza ana shida gani. Wote wanajua ni kichwa. Basi asubuhi moja mama akatokea na mama mdogo, wamevaa nguo za kanisani, wamekuja kunichukua nikaombewe.

Nilichemka. Maneno ya watu hayanibabaishi hata kidogo, lakini mama yangu mwenyewe aniite kichaa? Hilo lingenimaliza. Mama mdogo alikuwa ameshaanza kufunga vikombe vyangu. Nikamwonyesha mama ile bodaboda pale chini na kumwambia ni kazi yangu.

Mama akainama polepole, magoti yake si ya jana, akaiokota. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma. Kisha akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye gurudumu, kwenye usukani, kwenye mkungu. Kidole kikasimama kwenye ukingo wa kizibo.

Akavuta kigoda changu akaketi, akatoa kwenye mkoba kile kipande cha msasa ambacho huenda nacho hata kanisani, akakichovya kwenye maji yangu ya kuoshea vikombe, akaanza kusugua. Mama yangu amesugua maisha yake yote, na hajawahi kumsugulia mwanamke.

Mama mdogo akauliza kama bado tunaenda. Mama akalipangusa gurudumu kwa kiganja, akalipitishia kidole tena, akaiweka bodaboda chini taratibu.

"Mwambie mchongaji alete nyingine," akasema.

Nikamletea mchuma chai, machozi yananitoka mbele ya wateja, na wala sikuyafuta.