Figo ya Nguruwe na Figo ya Baba

Figo zangu zilipogoma, nikawa mtu wa kwenda Dodoma kusafishwa damu kila wiki. Nikirudi Mandewa nalala kama gunia. Daktari alisema wazi: nipandikizwe figo ya mtu mwingine, la sivyo hali itazidi kuwa mbaya. Baba akapimwa, akaonekana anafaa. Mimi nikakataa. Mzee analima alizeti yake Unyambwa kwa mikono yake, halafu apasuliwe ubavu kwa ajili yangu? Thubutu! Ukweli ni kwamba niliogopa asije akafia mezani, lakini sikusema hivyo. Mimi nikiogopa huwa nafoka.

Jioni moja, tukiwa kwake, redio ikatangaza kwamba huko ng'ambo wataalamu wamempandikizia nyani figo ya nguruwe na nyani bado anaishi. Nikaropoka, "Haya, nitafutieni ya nguruwe! Hiyo naipokea leo leo!"

Natania jamani. Baba hakutania. Baba ni mtu wa swala tano, na nguruwe wa jirani wanaijua fimbo yake vizuri kwa sababu hawaishi kufukua viazi vyake. Alizima redio, akaenda kulala.

Kesho yake, nikiwa nimesharudi Mandewa, jirani huyo akanipigia simu. "Dada, mzee ana nini? Amesimama bandani kwangu tangu asubuhi. Ananiuliza huyu dume anakula nini, amewahi kuumwa, mama yake alikuwa mzima! Halafu amemletea mashudu." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Jirani hakucheka hata kidogo, alidhani mashudu yametiwa sumu. Kumbe Baba alishapita hata kwa sheikh wake kuuliza kama figo ya nguruwe inaruhusiwa. Sheikh alimwambia uhai wa mtu ni jambo kubwa, ila akamsihi asiitangaze habari hiyo msikitini.

Siku ya kliniki Baba akang'ang'ania kunisindikiza. Hatujakaa vizuri, akauliza, "Daktari, huyo nyani wa redioni mwili wake ulikubalije kitu cha nguruwe?"

Daktari akamweleza kwa upole. "Mzee, mwili una walinzi. Wakiona kitu kigeni wanakishambulia mpaka kife. Kwa hiyo wataalamu wanabadilisha vinasaba vya nguruwe, wanaondoa zile alama zinazowachokoza walinzi. Kisha anayepandikizwa anapewa dawa za kuwatuliza."

Baba akapiga goti lake. "Aa, si mambo ya ndama hayo! Ng'ombe akifiwa na ndama, ukimletea ndama yatima wa mwenzake anamtandika mateke. Sisi tunamvika yule yatima ngozi ya ndama aliyekufa. Mama ananusa, anatulia, ananyonyesha. Na nyinyi mmemvika nguruwe ngozi ya nyani!"

Daktari alicheka hadi akavua miwani. "Umepata, mzee. Ila ngozi peke yake haitoshi, na dawa haziachwi. Tena hapa kwetu huduma hiyo haipo. Bado wanaichunguza."

"Na ikiwa yangu?"

"Na yako pia atameza dawa maisha yake yote. Lakini wewe ni baba yake, walinzi hawatakuwa wakali kiasi kile."

Baba akanigeukia, kisha akamrudia daktari. Sauti yake ilikuwa ndogo, mimi sijawahi kuisikia hivyo.

"Basi nisaidie kumuuliza, daktari, maana mimi nimeshindwa. Figo ya nguruwe anaitaka. Ya baba yake hataki. Nimemkosea nini?"

Nilifungua mdomo nifoke, kama kawaida yangu. Kikatoka kilio. Nililia mbele ya daktari, kamasi zinatiririka, sina hata kitambaa. Nikasema, "Naogopa utakufa, Baba."

"Na mimi je? Unafikiri mimi nalala?"

Nikajifuta kwa kiganja, nikamwambia daktari atupangie siku.