Mtamba Mwekundu wa Awale

Duba Kanchoro alikuwa na mkono mwepesi na kichwa kigumu, na Isiolo ilimjua kwa vyote viwili. Mkono ndio uliotangulia kumpa jina. Kabla serikali haijaleta sindano za mifugo, ng'ombe wakishikwa na homa ya mapafu watu walimwita Duba. Alichukua kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa huo, akapasua kidogo juu ya pua ya ng'ombe mzima, akakitia humo na kufunga. Ng'ombe alivimba uso siku kadhaa, akakataa majani, kisha akapona na kubaki na kovu, na homa haikumrudia tena. Wachache walikufa. Duba hakulificha hilo, alimwambia mwenye mali kabla hajashika kisu.

Sharti lake lilikuwa moja. Kwanza alimshika mnyama masikio, akaweka sikio lake ubavuni mwake, akauliza ametoka kunywa maji wapi na amelala na ng'ombe wa nani. Aliyekwisha kuingiwa na ugonjwa hakumgusa. Huyo angekufa hata hivyo, na lawama yote ingemwangukia mchanjaji.

Serikali ilipokuja na sindano zake, wengine walidhani Duba atanuna. Wapi! Alikuwa wa kwanza kuwaswaga ng'ombe wake kwenye kichochoro cha miti walikochomwa mmoja mmoja, kisha akashinda juani akishika pembe za ng'ombe wa wenzake na kuwafokea mabwana mifugo, utadhani yeye ndiye aliyewaajiri.

Basi mtu huyo huyo, kwa miaka minane, hakutaka kusikia sindano ikitajwa kwa mtoto wa binadamu. Tusimcheke haraka, alikuwa na sababu.

Mwaka wa 1976 mkewe Gumato alimpeleka mtoto wao Kanchoro, mwenye miaka miwili, kwenye zahanati akachanjwe ukambi. Aliyemchoma ni Sista Kinanu, muuguzi Mmeru mwenye sauti ya chini, ambaye kila asubuhi alinunua maziwa kwa Gumato. Siku ya tatu mtoto akawa amejaa vipele, macho mekundu, mwili unawaka. Wiki haikuisha wakamzika. Ijumaa iliyofuata, nje ya msikiti, Duba aliwaambia watu kwamba yule mama wa zahanati amemuua mwanawe. Aliamini kila neno alilolisema, na watu wakamwamini, maana nani alijua habari za kuchanja kumshinda Duba? Akina mama wa Bulapesa, mtaa wao, wakaficha watoto wao. Sista Kinanu akawa anakaa na sanduku lake la dawa mpaka barafu inayeyuka yote.

Gumato alikatazwa kumuuzia maziwa. Alitii, kwa namna yake: kila asubuhi alipopita na vibuyu vyake, kimoja "kilisahaulika" juu ya ukuta wa zahanati. Duba alijua, akajifanya hajui, na kwa hilo pekee anastahili kusamehewa mengi.

Hakumlaumu mkewe kwa mdomo hata siku moja. Ila kila alipomtaja marehemu alisema "sindano ile", na kila mara Gumato, aliyembeba mtoto mgongoni kwenda kuchomwa, aliinamisha kichwa na kutafuta kazi ya kufanya.

Ukaja mwaka wa 1984, ule wa kiangazi kikali, na ukambi ukaanza kupanda kutoka kijiji cha Kinna. Binti yao Abiba alikuwa na mtoto wa miezi tisa, Kabale, ambaye Duba alimpenda mpaka ikawa aibu: mzee mzima alitambaa sakafuni akilia kama ndama ili mtoto acheke. Abiba alitaka Kabale achanjwe. Mumewe, dereva wa lori, alisema hataingia kati ya mtu na baba yake. Mzee Duba akikubali, naye amekubali. Duba akakataa. Abiba akamuuliza mbona ng'ombe anawapeleka bila kuambiwa. Akajibiwa kwamba ng'ombe akifa atapatikana mwingine. Hapo Abiba akamwambia kwamba Kinna wamezika watoto watatu wiki hiyo moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa. Duba akachukua fimbo yake akatoka.

Alikwenda kwa Awale, mfanyabiashara wa ng'ombe, ambaye babu yake alikuja Isiolo na askari wa Mwingereza. Walikuwa marafiki wa siku nyingi, ingawa zamani ilikuwepo miaka miwili ambayo Awale hakumpa Duba hata salamu, baada ya mtamba wake kuchanjwa na kufa. Awale akamimina chai ya maziwa, akamwona mwenzake amenuna, akaleta uchokozi wake wa kila siku ili amchangamshe.

"Wewe Duba, ile mtamba yangu nyekundu uliua, siku moja utaeleza Mungu."

Kwa kawaida hapo walicheka. Siku hiyo Duba alijibu kana kwamba mtamba amekufa jana.

"Mimi sikuua mtamba yako. Ilikuja kwangu na ugonjwa ndani. Uliipeleka maji Leparua, ikalala na ng'ombe za kukohoa, halafu ukanificha. Kisu yangu ilikuta imeshakufa."

"Najua," Awale alisema taratibu. "Hata wakati ule nilijua. Lakini nilitaka iwe ni kisu yako, isiwe ni mimi."

Kikombe kilibaki hewani mkononi mwa Duba. Siku tisa kabla ya sindano ile, yeye mwenyewe alimbeba Kanchoro mabegani mpaka Kipsing akamwonyeshe ng'ombe. Walilala kwa jamaa yake. Msichana wa nyumba ile alikuwa na macho mekundu na kikohozi, na alilala ngozi moja na Kanchoro. Duba alimwona. Yeye, aliyemuuliza kila ng'ombe wa Isiolo amelala na nani, hakuthubutu kuuliza hilo kwa mwanawe. Hakuimaliza chai.

Nyumbani alimpokea Kabale mikononi mwa mama yake. Akamshika masikio. Akaweka sikio lake kifuani mwa mtoto, akauliza mwezi huu amelala wapi, na amelala na nani. Hapa hapa tu, akajibu Abiba. Basi wakaondoka wote, Gumato akiwa nao, mpaka zahanati, na wanawake waliokuwa njiani wakaacha ndoo zao chini wakatazama.

Sista Kinanu alikuwa ameanza kuota mvi. Alisimama alipomwona Duba, na mikono yake haikujua iende wapi.

"Sista, mimi nilisema vibaya juu yako mbele ya watu," alisema Duba. "Kijana yangu ilikuja kwako na ugonjwa ndani. Ijumaa nitasema hivyo mbele ya watu wale wale." Akampa mtoto. "Hii ni mzima. Nimeangalia mwenyewe. Choma."

Kinanu alifuta macho, kisha akampima Kabale joto mara mbili, kwa sababu naye alikuwa na sharti lake. Akachoma. Kabale akapiga ukelele uliosikika mpaka sokoni.

Wakati wa kurudi Abiba alitangulia akibembeleza. Duba alipunguza mwendo mpaka Gumato akawa ubavuni mwake.

"Mama Abiba, ni mimi nilimpeleka Kipsing. Yule msichana alikuwa mgonjwa, na niliona."

Gumato hakusimama. "Najua. Mama ya huyo msichana aliniambia siku walikuja kutupa pole."

"Miaka nane umejua? Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa na sindano ya kulaumu. Ningeondoa hiyo, ungelaumu nani?"

Duba alilia pale barabarani, mchana, bila kuficha uso. Gumato alimngojea mpaka akamaliza.

Kesho yake asubuhi hakuna kibuyu kilichosahaulika ukutani. Duba alikibeba mwenyewe, kazi ambayo mwanamume wa Kiborana haonekani akiifanya, akapita nacho katikati ya soko mpaka mlango wa zahanati, akapiga hodi.