Dagaa Katikati ya Kitabu

Sisi tuliosoma Ujiji kabla simu hazijawa na akili kutuzidi tulikuwa na kitabu kimoja darasa zima. Ilikuwa riwaya ya Kiingereza, ya wavulana wa shule waliokwama kisiwani bila mtu mzima hata mmoja, wakaanza kwa kupendana wakaishia kuoneana. Jalada lilishang'oka zamani, na kurasa kadhaa zilizopotea zilikuwa zimenakiliwa kwa kalamu ya wino na waliotutangulia. Kilizunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu. Siku yako ikifika ulitembea nacho umekikumbatia, na hata wale wababe wa mpira wa makaratasi walikupisha njia.

Madam Anjelina, mwalimu wetu, alitufundisha kwa madondoo. Alichagua sentensi moja nzito kitabuni, akaiandika ubaoni, na maswali yake yalikuwa yale yale manne: nani anasema, anamwambia nani, katika mazingira gani, na maneno hayo yanatuonyesha nini juu yake. Kwa Kiingereza tu. Aliyeteleza akatoa Kiswahili alimwagilia bustani. Aliyetoa Kiha cha nyumbani alimwagilia bustani na kufagia uwanja. Maswali hayo yalituingia damuni. Siku moja mama alifoka kutaka kujua nani kamaliza mgebuka, samaki wa baba, sufuriani, na mimi, mjuaji, nikamwuliza anasema hayo katika mazingira gani. Mwiko ulinijibu kabla yake.

Mama yangu alianika dagaa ufukweni Kibirizi. Jumamosi kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru na kugeuza dagaa, na juu ya yote kuangalia ng'ambo ya ziwa. Mvua kubwa hutokea Kongo, na kabla haijafika unaona milima ya kule inafutika mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa na neno lake: "Ukiona Kongo imefutika, usiningoje mimi." Maana yake ukusanye dagaa haraka, maana hao ndio ada na ndio ugali.

Jumamosi ninayoisema, kitabu kilikuwa zamu ya Furaha mpaka Jumatatu. Furaha wazazi wake walitoka Kongo, na mama yake alishona nguo sokoni. Alikuwa msichana mpole, mwenye Kiswahili cha kwao ambacho tulikiiga kwa kumcheka. Mimi nilijua Jumatatu Madam angeniuliza dondoo, na sikuwa nimesoma. Nikamwomba anipe kabla ya zamu yangu. Hakuwa na sababu ya kukubali, lakini akanifuata mpaka Kibirizi kwa miguu, akanikabidhi.

"Ukichunge muzuri," akaniambia, akarudi zake.

Nikaketi juu ya jiwe nikasoma. Wale wavulana walikuwa wamefikia kugombana, na mimi nilikuwa kisiwani pamoja nao. Nilipoinua macho Kongo haikuwepo. Niliruka, nikazoa dagaa kwa mikono miwili, nikaburuta turubai, nikaita watu, na namshukuru Mungu dagaa wengi walipona. Kitabu nilikikumbuka mvua ilipokuwa inaisha. Kilikuwa pale pale juu ya jiwe, kimelowa chapachapa.

Nilifanya ninachokijua. Jumapili nilikianika kama dagaa, mchangani, ukurasa kwa ukurasa, kokoto juu ya kila ukurasa, nikikigeuza kila jua lilipokolea. Kikakauka kikatuna kama andazi. Zile kurasa za wino zilikuwa madoa matupu. Jumatatu niliwahi shule kuliko mfagiaji, nikakirudisha kabatini.

Madam alikitoa, akakiangalia muda mrefu. Akauliza kilikuwa kwa nani. Nilisimama mimi, bila kutajwa. Mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu usoni.

"Kitabu kilikuwa kwa Furaha."

Kwa woga nilisema kwa Kiswahili. Nyuma mtu akaongezea kwamba Wakongo ndivyo walivyo, na darasa likacheka. Nikamwangalia Furaha. Angeweza kusema neno moja tu nikaumbuka, lakini alitazama dawati lake.

Madam hakunituma bustanini. Alifungua kitabu, akakwangua kitu kwa ukucha katikati ya kurasa mbili, akakiweka mezani. Dagaa mmoja, mkavu, mzima na macho yake. Nyumbani kwa Furaha palikuwa na vitambaa na cherehani. Dagaa walikuwa kwetu, na darasa zima lilijua. Kisha akageuka akaandika ubaoni maneno yangu, herufi kwa herufi, Kiswahili cha kwanza kuandikwa naye kwenye ubao ule.

Nani anasema? Wakanitaja. Anamwambia nani? Wakasema anamwambia Madam. Mazingira gani? Hapo wote walimtazama yule dagaa mezani, na aliyewasema Wakongo alikuwa amejiinamia. Madam akauliza la nne: maneno haya yanatuonyesha nini juu ya msemaji? Furaha akanyoosha mkono.

"Yanaonyesha anaogopa, Madam. Haiko mutu mubaya."

Nililia mbele ya darasa, nikasema yote. Adhabu yangu ilikuwa kunakili upya zile kurasa kutoka kitabu cha kuazima, na Furaha alijitolea kunisomea huku naandika, wiki mbili nzima. Hakuwahi kuligusia jambo lile. Kabla mwaka haujaisha familia yao ilihamia Kagunga, na sijamwona tena.

Sasa binti yangu yuko kidato cha tatu, tunaishi Buzebazeba, na anasoma hadithi ile ile. Hajui kugombea zamu wala kunusa kitabu kilichopita nyumba arobaini. Anagusa kioo cha simu, madondoo yanashuka yakiwa yameshachambuliwa, naye huku anatafuna na kucheka na wenzake kwenye kundi lao. Juzi nikamtania kwamba enzi zetu tulisoma kwa jasho, wao wanasoma kwa kidole. Nikamwuliza: huyo msemaji wa dondoo lako alikuwa anaogopa nini? Akapekua, akapekua tena, akasema hilo hawajaandika.

Basi nikampa dondoo langu la Ujiji, na kisa chake kizima. Aliweka simu chini, jambo ambalo kwetu ni sherehe. Akafikiri.

"Kwa hiyo ukweli ulimwambia Madam," akasema. "Na Furaha ulimwambia nini, baba?"

Miaka yote hii nilijihesabu kuwa nimelimaliza jambo lile, kwa kuwa nilisimama, nikalia, nikanakili. Lakini zile wiki mbili tulizokaa dawati moja, yeye akisoma na mimi nikiandika, sikumwambia samahani hata mara moja. Nilimwambia tu asome polepole.