Ufuo Alioupenda Nabwire

Rispa huuza matumbo Soko la Burma, na hakuwa amewahi kuiona bahari hadi ilipomchukua bintiye. Nabwire alikuwa mpishi wa hoteli huko Shelisheli. Siku yake ya mapumziko alienda kuogelea, mawimbi yakambeba, na mwili haukupatikana.

Mulama, mumewe Rispa, alikataa kwenda. "Nikazike maji?" alisema. Rispa akasafiri peke yake.

Aliyempeleka kwenye ufuo alikopotelea bintiye ni Jacklyne, msichana wa mtaa wa Huruma aliyefanya kazi na Nabwire. Walikatiza msituni wakishikilia mizizi, wakatokea mahali ambapo maporomoko ya maji yaliangukia mchangani, hatua chache tu kutoka baharini. Hapakuwa na mtu.

Rispa alikuwa amejiandaa kupalaani. Badala yake alisimama akiutazama mchanga mweupe na majani yanayometameta.

"Alikuwa anakuja kufanya nini huku?"

"Kuimba, mama. Alisema huku hakuna jirani wa kugonga ukuta. Alitaka kukuleta Krismasi."

Rispa alivua viatu, akaingia chini ya maporomoko na gauni lake, akamwita Nabwire mpaka sauti ikakauka. Jacklyne alimshika mkono akamtoa.

Rispa aliporudi nyumbani Mbotela, Mulama alimpokea mlangoni.

"Ni pahali pa namna gani?"

"Pazuri, Baba Nabwire. Pazuri sana. Laiti pangekuwa pabaya."

Mulama akajishusha kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, akalia.